Finjani ya Kamanda

Mwanangu Azzan,

Nakuandikia alasiri hii wewe umelala ukumbini, mguu mmoja juu ya mto na mwengine sakafuni, na bibi yako amekaa kando yako anakupepea kwa kipepeo cha ukindu ingawa feni inazunguka. Kesho baada ya sala ya alfajiri gari ya babu yako Kamanda itakuja kukuchukua kukupeleka Nizwa. Habari za nguo zako, na mafuta ya kifua, na kwamba huli yai mpaka likauke, bibi yako atamweleza dereva, dereva atawaeleza wa huko, na njiani nusu yake itamwagika. Hayo siyaandiki. Watu watakulisha na watakuvisha, hilo sina shaka nalo.

Barua hii si ya sasa, ni ya siku utakapokuwa mkubwa wa kuuliza. Nimemaliza shule mwaka huu, na Kiarabu changu cha kuandika mwalimu alikisifu mbele ya darasa mpaka nikainamisha kichwa. Lakini kwa Kiarabu mimi ni msichana anayekaa dawati la nyuma. Kwa Kiswahili ni mama yako. Kwa hivyo nimechagua hiki, nikijua kwamba huko uendako hakuna wa kusema nawe, na huenda kikakutoka kama meno ya utoto. Ikiwa kimekutoka, mtafute mtu mzima katika watu wetu akusomee. Na wewe unayemsomea mwanangu, Mungu akulipe, usiruke mahali ukadhani unamhurumia.

Nataka ujue ilikuwaje mpaka ukaondoka kwangu. Huko utaelezwa kwa namna nyengine, na wao pia hawatakuwa waongo.

Babu yako, yaani baba yangu, alizaliwa Unguja, na mimi pia. Tulipokuja huku nilikuwa mdogo, na mji huu wetu, baina ya Ibra na Al Qabil, ulikuwa mitende, falaji, yaani mfereji wa maji ya mashamba, na ngome katikati. Nchi ilikuwa inafunguliwa maofisi, na kila aliyetoka Afrika akijua kusoma na kupiga taipu alitafutwa kama dawa. Baba akapata ukarani katika ofisi ya Wali, yaani liwali wa mji. Meza yake iliwekwa karibu na mlango wa Wali, na Baba alikuwa akituhadithia habari za meza ile kama mwengine anavyohadithia habari za farasi.

Mji ulikuwa na wakubwa wawili. Wali alikuwa na ngome, na muhuri, na askari wazee wenye bunduki ndefu na mikanda ya risasi vifuani. Kamanda alikuwa na kambi uwandani nje ya mji, na magari, na redio, na vijana. Wali akisema, mji ni wangu. Kamanda hakusema kitu. Aliweka kizuizi barabarani, basi, na kila aendaye Maskati akawa lazima asimame mbele ya vijana wake. Watu wakaenda na karatasi za Wali zenye muhuri. Vijana wakazitazama, wakazigeuza juu chini, wakasema, "Zein, vyema, lakini hii hatuijui. Nenda kambini." Aliyetoka kambini na ruhusa, askari wa Wali nao wakamzuia sokoni asishushe mzigo. Baba alikuwa akirudi nyumbani mchana hana hamu ya kula.

"Leo wamegombania nini?" Mama akimuuliza.

"Leo wamegombania nani amsimamie mwenziwe."

"Mabwana wazima?"

"Mama Rukiya, teremsha sauti."

Ndipo Wali akapata shauri. Kamanda ana kijana, Hilal, ana nyota moja begani, hajaoa. Damu ikichanganyika, mikono italegea. Lakini Wali hakuwa na binti wa kuoza, akaazima wa karani wake.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, niko katika darasa lililokuwa na wasichana wa kila umri. Baba alinieleza kwa upole, akakaa chini kwenye mkeka, yeye ambaye hakai chini kwa sababu ya goti. "Hii kheri, mwanangu. Nyumba mbili zikiwa moja, mji utapumua." Mama yuko jikoni, akajibu kwa sauti ya kusikiwa na jirani: "Mji upumue kwa pua ya mwanangu?" Baba akanitazama anisikie mimi. Mimi sikusema kitu. Kwetu msichana akinyamaza imehesabiwa kuwa amekubali, nawe ujue kwamba mimi nilikuwa nanyamaza kwa kila jambo, hata nikiulizwa jina langu.

Baba yako alikuwa mtu mwema. Nataka ulijue hilo kwa maneno yangu. Alikuwa na haya kama mimi. Alivua viatu vyake vya kijeshi nje ya mlango, akaingia kwa soksi, polepole, kana kwamba nyumba ni ya mtu mwengine naye amekuja kuazima kitu. Wiki nyingi tulikuwa tunasalimiana na kutazama ukuta. Siku moja akaniletea betri za redio, akasema, "Ulisema zimekwisha." Mimi sikuwa nimesema. Alikuwa amesikia redio inavyokoroma. Nikacheka, naye akacheka, tukawa mume na mke.

Ndoa ile ililegeza mikono kwa muda. Kamanda akimwita Baba "mkwe", na Wali akapitishwa kizuizini bila kuulizwa. Halafu ukaja mwezi wa Ramadhani, na habari ya mzinga.

Katika mji huu, tangu zamani, mzinga wa kufuturu ulipigwa ngomeni. Mzee mmoja katika askari wa Wali alipanda mnarani, akalitazama jua linavyozama nyuma ya majabali, akainua mkono, na chini wakatia moto. Kamanda akaleta neno kwamba mzinga ule mkongwe umepata ufa, utakuja kuua mtu, na jeshi litapiga mzinga wake kilimani kwa saa ya redio. Wali akajibu barzani, katika baraza lake, mbele ya watu, "Mzinga wa Ramadhani ni wa mji. Jeshi likitaka kupiga, na likapige maadui." Jioni ile ngome ikapiga. Tende ziko midomoni, kilima nacho kikapiga.

Na ikawa hivyo kila jioni. Sijui nani alikuwa na haki. Kulikuwa na vumbi mwezi ule, jua lilikuwa linapotea kabla ya kuzama. Lakini watu waligawanyika, walio karibu na ngome kwa ngome, walio upande wa kambi kwa kilima. Watoto njiani wakiulizana, "We umefunga kwa Wali au kwa Kamanda?" Wenye maduka, kwa kuwa wanauza pande zote, walikaa na tende mkononi mpaka upigwe wa pili. Mama alikuwa akisema, "Mungu mmoja, jua moja, mizinga miwili," na Baba akimwambia ateremshe sauti.

Mimi nilikuwa nyumba ya Kamanda, na wewe ulikuwa tumboni. Ningeweza kula mchana, ruhusa ipo. Lakini kula mchana ni kutangaza, na mimi nilikuwa naona haya kusema kwa mdomo wangu kwamba nina mimba, nikijua wameona wote. Nikafunga. Jioni moja tulikuwa wanawake wengi mkekani, wake wa maofisa wamealikwa. Mdomo ulikuwa mkavu mpaka ulimi umeshika. Gilasi ya maji iko mbele yangu. Ngome ikapiga, na mimi, Azzan, nilikuwa nimezoea mzinga ule tangu utoto. Mkono ulikwenda peke yake. Nilikunywa gilasi nzima.

Nilipoitua nikainua macho. Tende zote bado ziko vidoleni. Mama yake Hilal, bibi yako utakayekwenda kukaa naye, akaniambia taratibu, "Umeolewa huku, unafuturu kule?"

Neno moja lilitosha. Ningesema, nina kiu, nina mtoto. Wangenicheka, mmoja angenipangusa jasho, ingekwisha. Nilinyamaza. Na kimya changu wakakisoma walivyotaka.

Maneno yakafika sokoni kabla ya Idi, kwamba hata nyumbani kwa Kamanda wanafuata mzinga wa Wali. Yakafika barzani, na Wali akacheka. Baba alikuwepo, aliniambia baadaye. Si kicheko kikubwa, alisema, alicheka kwa pua tu. Lakini palikuwa na watu, na kicheko kile kilipanda kilimani. Kamanda angeweza kustahamili karatasi na muhuri na askari wa sokoni. Kuchekwa hakuweza.

Hilal alinirejesha kwetu mwenyewe, kwa gari ya kambi. "Siku chache," alisema, "mpaka haya yapoe." Alibeba sanduku langu mpaka ndani, akavua viatu mlangoni kama kawaida yake. Talaka ililetwa na binamu yake, kwa mdomo, akiwa amesimama hataki kukaa. Sikumlaumu Hilal sana. Yeye na mimi tulikuwa na ugonjwa mmoja, tulikuwa tunangoja wakubwa watambue wenyewe kwamba tunaumia.

Wewe ukazaliwa humu. Kamanda alituma mbuzi wawili na jina, Azzan, jina la baba yake. Mimi nilikuwa na jina jengine moyoni. Sitalisema, maana hili umelizoea na linakupendeza. Mama alikulea, nami nikarudi shule, nikikimbia saa ya mapumziko kuja kukunyonyesha na kurudi. Wasichana walikuwa wananitania, "Mama Azzan, leo umechelewa, mumeo kalia?" Nilikuwa napenda sana wakiniita hivyo.

Halafu mambo ya wakubwa yakageuka. Wali alihamishwa. Nani alipeleka nini kwa nani, sisi hatukujua, tuliona tu samani zake zinapakiwa na askari wazee wamekaa kivulini hawana wa kumpigia saluti. Kamanda akapandishwa, akapewa kazi kubwa Nizwa, lakini mkono wake ulibaki hapa. Wali mpya alikuwa ofisa wake wa zamani. Siku ya kwanza ofisini hakumfukuza mtu. Alisema tu kwamba mlangoni pamesongamana, na meza ya Baba ikasogezwa ukumbini. Baada ya mwezi ikasogezwa karibu na ghala. Baba hakutuhadithia tena habari za meza.

Na mwaka jana baba yako akafa, katika wadi, bonde la mto mkavu, kwenye njia ya Dima, maji yaliposhuka kutoka milimani naye yuko kati ya mto na gari imezimika. Siku ya tatu ya matanga Kamanda alikuja kwetu peke yake, amejiendesha mwenyewe. Hakuvaa sare. Alikupakata, ukamvuta masharubu, naye akakuachia uvute. Machozi yalikuwa yanamtiririka na wewe unacheka. Nilimwona kupitia pazia. Nakwambia hili ili usimchukie kwa ajili yangu. Huyu mzee anakupenda, na mtu aliyefiwa hujaza lile tundu kwa alicho karibu nacho. Ila wengine wakifiwa hawana magari ya kwenda kuchukua.

Sasa nikwambie ya finjani.

Ilikuwa majuma machache nyuma. Kamanda alikuja na Wali mpya na masheikh wawili. Baba hana mtoto wa kiume, kwa hivyo alimimina kahawa mwenyewe, dele mkono wa kushoto, finjani kulia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia ya halua. Kamanda akaipokea finjani, akaiweka chini mbele yake juu ya busati. Hakunywa.

Wewe utakuwa umekulia huko, utacheka kwamba nakueleza. Lakini kwa anayekusomea, nieleze. Kwa Waarabu wa huku, mgeni akiitua kahawa chini asiinywe, ana haja kubwa, na mwenye nyumba akimwambia kunywa, amekwishampa anachotaka kabla ya kukisikia. Ndiyo maana mwenye akili huuliza kwanza, au hunyamaza, au husema tutazame. Mimi niliyaona haya nyumbani kwa Kamanda mwenyewe, walipokuja watu kuposa mpwa wake. Finjani ilikaa chini mpaka ikapoa, na Kamanda akawaachia ipoe.

Unguja hatuna hayo. Kwetu mgeni asipokunywa, ni kwamba anaona haya, na unamhimiza.

Baina ya finjani kutuliwa na Baba kufungua mdomo palikuwa na nafasi. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kuiangusha sinia. Ningeweza kuita, Baba, njoo mara moja, na angekuja, na nikamwambia sikioni. Nilijua finjani ile ni wewe. Nani asiyejua? Lakini niliwaza, wageni wanne wanaume ndani, watasema binti gani huyu anayepaza sauti. Nikalishika pazia kwa mkono nikangoja Baba ajue mwenyewe.

"Kunywa, Sheikh," Baba akasema. "Kahawa inapoa."

"Nina haja," Kamanda akasema.

"Haja yako amri, Sheikh. Kunywa. Nyumba yako hii na vilivyomo."

Maneno hayo sisi tunamwambia kila mtu. Mama humwambia muuza samaki. Kamanda akaiinua finjani akainywa yote, akaitikisa kuonesha ametosheka. "Mungu akutukuze," akasema. "Namtaka mwana wa Hilal."

"Mbarikiwe," akasema Wali mpya, na masheikh wakaitikia.

Baba alibaki amesimama na dele mkononi, ananyunyiza kahawa juu ya busati bila ya kujua.

Walipoondoka Mama alitoka jikoni. Sikupata kumwona vile.

"Umempa?"

"Sikumpa. Nilimkaribisha."

"Basi kamwambie ulikuwa unamkaribisha."

"Mbele ya Wali?"

"Mbele ya Mungu! Mtoto si finjani weye, apokezanwe mkono kwa mkono mpaka mlangoni!"

"Nyinyi hamuoni," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi ndiye ninayeona meza inavyosogea. Ikisogea tena iko nje."

Sasa nitakuandikia jambo ambalo sijamwambia hata Mama. Baba amekaa barzani kwa Wali miaka minane. Kila asubuhi wanakuja watu na haja zao, na kahawa inapita. Ameziona finjani zikituliwa chini mara ngapi? Huenda hakuwa anatazama, yeye macho yake yako kwenye karatasi. Huenda alisahau siku ile, kwa hofu. Au hakusahau. Sijamuuliza, na nikimuuliza nitapata jibu, na baada ya jibu nitaishi naye nyumba moja. Usije ukamuuliza na wewe. Tangu siku ile hakukupakata. Ukimwendea anakupa peremende na kutoka nje.

Nisikudanganye kwamba sikufanya kitu. Nilikwenda barzani. Mwanamke anaruhusiwa, sharti awe na haja. Mama alikuja nami, akabaki mlangoni kwa sababu nilimwomba aniache niseme mwenyewe, maana alikuwa amekwisha kujifunga kanga kiunoni. Wali mpya alikuwa na adabu. Alinipa kiti. Akamwita karani aandike mashtaka yangu, na karani ni Baba. Akaja kutoka ghalani na karatasi, akakaa, akashika kalamu.

"Sema, binti yangu," Wali akaniambia.

Watu walikuwa wengi, wafugaji na wenye mashamba, wamenyamaza wanisikilize. Nikasema, "Namtaka mwanangu akae kwangu."

Ni maneno machache, lakini niliyasema kwa sauti, na wa nyuma walisikia.

"Haki unayo," akasema. "Kadhi atakwambia hivyo hivyo, mtoto mdogo ni wa mama yake. Mimi sipingi. Lakini baba yako ametoa neno nami nilikuwepo. Nikiandika kwamba mtoto habanduki, itabidi niandike pia kwamba baba yako alimwahidi mgeni kisha akarudi nyuma. Karani asiyekuwa na neno, ataniandikia nini mimi? Nifundishe, binti yangu. Nifanye nini?"

Hakuwa ananikejeli. Aliuliza hasa, kama mtu anayeuliza njia. Hicho ndicho nilichojifunza kwa wenye nguvu, Azzan, nami nimekaa nao karibu. Hakuna aliyenipiga kofi. Wote walinipa viti. Kila mmoja alikuja na mlango mmoja uliofungwa na mmoja ulio wazi, akaniachia nichague mwenyewe.

Nilimtazama Baba. Hakuinua uso. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi, na ncha yake imetia tone la wino mahali pamoja, tone linakuwa kubwa. Mvi zake zote zilikuwa zinaonekana kwa juu. Nikawaza ametaipu kwa watu hawa mpaka vidole vimekaa kombo, hana shamba, hana ukoo mkubwa hapa, na Unguja hatuna pa kurudi.

"Usiandike," nikasema.

Wali akasema, "Mungu akubariki, umemstahi mzazi." Na watu wakasema maneno ya kunisifu. Nilitoka nikisifiwa. Mama alikuwa mlangoni, akanishika mkono kama nilipokuwa mdogo tukavuka barabara.

Kwa hivyo ukiuliza nani alikutoa, watakwambia babu yako alitoa neno, na ni kweli. Lakini neno la mwisho lilikuwa langu. Nilikuwa na wawili wa kuwashika, wewe na Baba, na nilikuwa na mkono mmoja. Siku nyengine nadhani nilifanya sawa. Siku nyengine nakusikia unakoroma kidogo usingizini kama sasa, na sijui nilikuwa nafikiri nini.

Kuna ushauri ambao mama anapaswa kuutoa hapa, na mimi nimetafuta wa kwangu siupati. Nilitaka kukwambia, mwanangu, usinyamaze, sema mapema, hata kwa sauti mbaya. Kwa habari ya gilasi ya maji ni ushauri mzuri, na kwa habari ya finjani ni mzuri zaidi. Lakini barzani nilisema, na mambo yalikwenda vile vile. Basi sijui. Labda neno lina wakati wake kama matunda, na langu lilikuja msimu umekwisha. Nina miaka kumi na tisa, sijui zaidi ya hapo, na sitaki kujifanya.

Ila hili moja. Huko utakulia katika nyumba ambayo watu wakiingia wanasimama. Utapewa bunduki ya mbao, kisha ya kweli. Huenda siku moja nawe ukawa na nyota begani na watu wakakuletea haja zao. Siku hiyo, mtu akinyamaza mbele yako, usikichukue kimya chake ukakitia mfukoni kwamba amekubali. Muulize mara ya pili. Akinyamaza tena, mletee maji, kaa, kisha muulize mara ya tatu. Mimi nilikuwa nahitaji mara tatu.

Wamesema nitakuja kukutazama Idi zikifika. Wamesema kwa moyo safi, bibi yako wa Nizwa mwenyewe amenitumia salamu kwamba chumba kipo. Lakini Baba anatafuta mtu wa kunioza Samail, mwenye duka, na sijui huyo atasema nini kuhusu safari. Tutaona. Ninaandika tutaona kwa kuwa sina neno jengine.

Umeamka. Umekuja umekaa pajani kwangu na kuiharibu mistari hii miwili, utaona ilivyopinda. Bibi yako amekwisha kukuonesha begi lako, na mtu amekwambia habari za gari, maana asubuhi yote ulikuwa unaunguruma kama injini. Hivi sasa umeniuliza mimi nitakaa upande gani.

Nimekwambia dirishani, wewe utakaa katikati.

Umefurahi, umekwenda kumwambia bibi yako. Mpaka leo sikupata kukwambia uongo, hata wa dawa chungu. Kesho asubuhi mlango wa gari utakapofungwa nami nimebaki nje, huo ndio utakuwa wa kwanza, nawe utaujua mbele yangu.

Mama yako,
Rukiya